Nywele Laini Zikiwa na Maji, Ngumu Zikikauka: Uchambuzi wa Kisa cha Mteja Mmoja wa Arusha

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika saluni ninakofanyia kazi mjini Arusha, kuanzia mwanzoni mwa Juni hadi katikati ya Septemba. Mhusika ameridhia kielezwe kwa faida ya wasusi wenzangu na ya wale wanaotunza nywele zao wenyewe nyumbani. Jina lake, kazi yake na mtaa anaoishi nimeviacha, na humu ndani nitamwita mteja. Nimekiandika kwa kirefu kwa sababu wiki za mwanzo nilizipoteza nikitafuta tatizo mahali ambapo halikuwepo, na kosa lenyewe ni la aina ambayo msusi mzoefu hulifanya kwa urahisi kuliko mwanafunzi, maana mzoefu huwa ameshajipa jibu kabla mteja hajamaliza kueleza.

Usuli

Mteja ni mwanamke mwenye umri wa zaidi kidogo ya miaka 30. Alikulia Moshi, upande wa chini wa mji, na kama wasichana wengi waliosoma katika shule zetu, alinyolewa nywele tangu darasa la kwanza mpaka alipomaliza kidato cha nne. Jambo hili sisi wasusi hulitaja kwa nadra, lakini lina uzito wake: mtu mzima anayekaa kwenye kiti chako na nywele za asili mara nyingi ana uzoefu nazo wa miaka michache tu, na mengi anayoyajua ameyaokota kwa marafiki na kwenye simu. Baada ya shule aliweka dawa ya kunyoosha nywele kwa miaka 7, kisha akaacha, akazikata zote na kuanza upya. Alipofika kwangu alikuwa na miaka 4 bila dawa. Nywele zake ni za kipilipili, zenye vizingo vidogo kuliko unene wa penseli. Ukizivuta zinafika kama sentimita 24, na zikikauka zenyewe zinarudi mpaka sentimita 7 au 8.

Alikuwa amehamia Arusha miezi kumi kabla. Draya aliiacha baada ya saluni moja kumuunguza nywele za mbele, na tangu hapo kila Jumamosi alikuwa akiosha nyumbani na kuziacha zikauke kwa hewa. Lalamiko lake alilitoa kwa maneno machache ambayo sijapata kuyasikia yakisemwa vizuri zaidi: “Dada, zikiwa na maji ni pamba. Zikikauka ni katani.”

Nilimuuliza anafanya nini tangu anapoingia bafuni. Aliniambia kwamba huosha kwa shampuu mara mbili, hupaka kondishena kwa dakika chache, huisuuza mpaka nywele zisiteleze tena, huzifuta kwa taulo, huketi barazani zikauke, na zikishakauka hupaka mafuta ya nazi aliyoyachanganya na ya nyonyo. Wakati mwingine shampuu ikiisha hutumia sabuni ya kipande. Maelezo hayo niliyaandika kwenye daftari nikaridhika nayo, na hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza, kama itakavyoonekana.

Nilichokiona siku ya kwanza

Nilimwomba aje siku moja baada ya kuosha, bila kupaka kitu kingine chochote. Ngozi ya kichwa ilikuwa safi, haina mba wala vidonda. Unywele mmoja uliolowa ulipovutwa kidogo ulirefuka na kurudi bila kukatika, dalili kwamba uzi wenyewe haukuwa umechoka. Ugumu ulikuwa juu ya nywele. Zilipobanwa kati ya vidole zilitoa sauti ndogo ya mchakacho, mfano wa majani makavu, na nilipopitisha ukucha kwa urefu wa unywele ulibaki unga mweupe kidogo kwenye kucha.

Unga huo ndio ulionipeleka njia isiyo sahihi. Mteja alikuwa anatumia maji ya kisima kirefu, na hapa kwetu habari za maji hazihitaji utangulizi. Maji mengi ya ardhini katika miteremko ya Mlima Meru yana floridi kwa wingi, na kila mtu anamjua ndugu au jirani mwenye meno ya kahawia kwa sababu hiyo. Niliunganisha mambo matatu, yaani kuhamia Arusha, maji ya kisima na unga mweupe, nikahitimisha kwamba haya ni maji magumu na kwamba unga ule ni chumvi za madini zilizoganda kwenye nywele.

Uamuzi wa kwanza: kutibu maji

Nilimwelekeza aache kabisa sabuni ya kipande, kisha amalizie kuosha kwa maji yenye siki, kijiko kikubwa kimoja kwa lita moja. Sababu zangu zilikuwa na mantiki. Sabuni ya kipande ina ualkali mkubwa, na ualkali huvimbisha unywele na kuyainua magamba ya ganda lake la nje, hivyo nywele zikakwaruzana na kushikana. Asidi hafifu huyarudisha magamba hayo yalale. Aidha, pale ambapo maji ni magumu kwa sababu ya kalsiamu na magnesiamu, sabuni hukutana na madini hayo ikafanya utando usioyeyuka, ule ule unaouona pembeni mwa beseni.

Wiki mbili baadaye alirudi. Mafundo yalikuwa yamepungua kidogo wakati wa kuchana, lakini ugumu ulibaki pale pale, na mchakacho nao ulikuwepo. Nilipaswa kuwa nimeyapima maji kabla ya kuyahukumu, kwa hiyo nikafanya nilichokiruka. Nilichukua chupa mbili zinazofanana, moja nikaijaza nusu kwa maji ya kisima chake, nyingine kwa maji ya mvua niliyokuwa nimeyakinga wakati wa masika, nikatia kila moja vipande vidogo sawa vya sabuni, nikazitikisa. Maji magumu hayatoi povu kirahisi; hufanya ukungu na mabonge. Chupa zote mbili zilitoa povu jingi.

Matokeo haya hayapaswi kumshangaza anayejua maji ya Meru. Miamba ya volkano ya huku huyapa maji sodiamu na bikaboneti kuliko kalsiamu, na ndiyo maana maji mengi ya visima vyetu yana ualkali lakini si magumu kwa maana ya sabuni kukataa kutoa povu. Siki ilikuwa imesaidia kidogo kwa sababu ya ualkali huo. Lakini maji ya namna hii hayawezi kuacha unga mweupe wa kiasi nilichokiona kwenye nywele zinazooshwa mara moja kwa wiki, na floridi, ambayo ni tatizo la kweli kwa meno na mifupa, haikuwa na chochote cha kunieleza hapa.

Kilichokuwa hakijasemwa

Wiki ya tatu niliacha kuuliza nikaamua kutazama. Nilimwomba aje saluni na kila kitu anachokitumia, aoshe mwenyewe kwa mkono wake, nami niketi pembeni bila kumsaidia. Alifanya yote aliyokuwa amenieleza. Kisha, baada ya kusuuza kondishena, akatoa kwenye mfuko chupa ya kupulizia yenye maji meupe, akazilowesha nywele zote kuanzia utosini hadi kwenye ncha, akachukua taulo.

Yalikuwa maji ya mchele. Alikuwa akiloweka mchele, anauacha usiku mbili, anachuja na kupulizia, bila kusuuza. Nilipomuuliza kwa nini hakuyataja, alinijibu kwa mshangao wa kweli: “Lakini dada, uliniuliza ninapaka mafuta gani na naoshea nini. Hayo ni maji tu.” Alikuwa na haki. Alianza kuyatumia muda mfupi baada ya kuhamia Arusha, kwa ushauri wa mfanyakazi mwenzake aliyemwambia kwamba yanakuza nywele, na kila zilipozidi kuwa ngumu aliyaongeza akiamini kwamba nywele zinadai matunzo zaidi.

Kila aliyewahi kutia nguo wanga kabla ya kupiga pasi anajua maji yale hufanya nini yakikauka. Nilitaka hata hivyo kuwa na uhakika, kwa kuwa nilikuwa nimeshakosea mara moja. Jumamosi iliyofuata, kabla hajaosha, nilikwangua unga kutoka kwenye nywele kavu nikauweka kwenye sahani nyeupe, nikadondoshea tone la ayodini iliyonunuliwa duka la dawa. Ulibadilika ukawa buluu iliyokaribia weusi. Ni jaribio lile lile la wanga ambalo wengi wetu tulilifanya shuleni kwenye kipande cha kiazi, na mteja alilikumbuka kabla yangu, akacheka mpaka akashika meza.

Uamuzi wa pili: nusu kwa nusu

Wapo watakaoona kwamba hapo kazi ilikuwa imekwisha. Niliamua tusibadilishe kila kitu kwa wakati mmoja, kwa sababu anayebadilisha mambo matano kwa siku moja hajui lililomsaidia, na kesho akipungukiwa na kimojawapo hajui kama anaweza kukiacha. Tuligawa kichwa katikati. Upande wa kushoto ulipuliziwa maji ya mchele kama kawaida, upande wa kulia haukupuliziwa. Mengine yote yalikuwa sawa.

Upande wa kulia ulikauka bila mchakacho. Ulikuwa laini kuliko wa kushoto kwa namna ambayo dada wawili waliokuwa saluni, niliowafumba macho, waliitambua mara moja. Lakini haukuwa laini kama alivyotaka mteja. Ulikuwa umejikunja kwa nguvu, ncha zimefungamana, na mkono uliopita juu yake ulikwama kila baada ya upana wa kidole. Tena kulikuwa na kitu kingine ambacho sikukielewa siku hiyo: kuanzia nusu ya urefu wa nywele kwenda kwenye ncha kulikuwa na hali ya kunata na kukakamaa, mithili ya utambi wa mshumaa uliozimwa, ilhali karibu na ngozi nywele zilikuwa sawa.

Jibu lilikuwa dirishani. Mwezi ulikuwa Julai, ambao kwa kawaida ndio wa baridi kuliko yote hapa, na chupa ya mafuta ya nazi niliyokuwa nimeiacha kwenye kizingiti ilikuwa imeganda na kuwa nyeupe kama samli. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Moshi mjini iko chini zaidi, chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, wakati Arusha iko kama mita 1,400, na siku nyingi za mwaka upande ule wa chini mafuta hayo hubaki maji. Arusha, katika miezi ya Juni hadi Agosti, yanayeyuka kiganjani, yanaingia kwenye nywele, kisha yanaganda tena juu ya uzi mara tu yakipoa. Karibu na ngozi joto la kichwa huyazuia. Kwenye ncha hakuna wa kuyazuia. Mteja alikuwa amehama na mafuta yake yale yale, kipimo kile kile, akakuta hali ya hewa haiyapokei.

Uamuzi wa tatu: kubadilisha mpangilio wa vitu

Hatukuyatupa mafuta ya nazi, kwa sababu yana sifa ambayo mafuta mengi hayana: hupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Tuliyahamishia Ijumaa usiku, kiasi kidogo kabla ya kulala, ili shampuu ya Jumamosi iondoe yanayobaki juu. Baada ya kuosha tulitumia matone machache ya mafuta ya alizeti, yale ya kupikia, ambayo hayagandi kwa baridi ya Arusha na hayana uzito wa nyonyo.

Badiliko kubwa zaidi lilihusu kondishena. Mteja, kama wengi, aliamini kwamba nywele safi ni zile zinazokwaruza kidole zikiwa na maji, kwa hiyo aliisuuza kondishena yote. Lakini kazi ya kondishena ndiyo hiyo ya kubaki. Viambato vyake vikuu vina chaji chanya, vinanata kwenye uzi wa nywele, hasa sehemu zilizochubuka ambazo zina chaji hasi, na vinapunguza msuguano kati ya unywele na unywele. Ulaini ambao mkono unauhisi kwenye nywele kavu kwa sehemu kubwa ni uchache wa msuguano. Maji yaliyomo ndani ya unywele hayaamui hilo peke yake, kwa kuwa unywele uliolowa hubeba maji karibu theluthi moja ya uzito wake na sehemu kubwa ya maji hayo itatoka, upende usipende. Kwa hiyo nilimwelekeza asuuze nusu tu, nywele zibaki zikiteleza, kisha zingali zinachuruzika aongeze kondishena kiasi cha kijiko cha chai kwa kila fungu na kuipitisha kwa vidole kutoka juu kwenda chini. Taulo tuliiweka kando. Maji aliyakamua kwa fulana kuukuu ya pamba, kwa kubana bila kusugua.

Uamuzi wa nne: umbo ambalo nywele hukaukia

Hili ndilo lililochukua wiki nyingi, na ndilo ambalo wasusi hatulipi uzito unaostahili. Maji yanapoingia kwenye unywele huvunja vifungo vya haidrojeni vilivyo ndani ya keratini, protini inayounda unywele. Yanapotoka, vifungo hivyo hujifunga upya katika umbo ambalo unywele umelikuta. Ukiziacha nywele za kipilipili zikauke zenyewe, kila unywele hurudi kwenye kizingo chake peke yake, hukamata wenzake walio jirani, na kufikia jioni umepata kitu kilicho laini kimoja kimoja lakini kigumu kwa ujumla wake. Mkono haugusi urefu wa nywele. Unagusa ncha na mafundo. Nywele zile zile zikikauka zikiwa zimenyooshwa na kulala pamoja upande mmoja, mkono huteleza.

Mwishoni mwa Julai tulijaribu njia tatu kwenye kichwa kimoja siku moja. Fungu la kwanza liliachwa huru. La pili lilisokotwa mabutu makubwa. La tatu lilizungushiwa uzi mweusi tangu karibu na ngozi hadi kwenye ncha, namna bibi zetu walivyokuwa wakisuka. Wazo la uzi lilikuwa la mteja. Bibi yake, aliyekuwa akiishi mlimani, alimsuka hivyo wakati wa likizo ndefu mara moja au mbili kabla shule haijafunguliwa na mkasi kurudi, na alikumbuka kwamba zilipofumuliwa zilikuwa ndefu na nyepesi. Mimi nilidhani uzi ungechukua muda mrefu kukauka. Nilikuwa na shaka, nikakubali kwa heshima zaidi kuliko kwa imani.

Tulianza saa tatu asubuhi, anga imefunga kama ilivyo kawaida ya Arusha mwezi huo. Nywele zilizoachwa huru zilikauka mnamo saa saba mchana, zikiwa zimejikunja mpaka theluthi. Za uzi, ambazo zilikuwa mafungu membamba, zilikauka mnamo saa tisa. Mabutu yalikuwa bado mabichi katikati saa kumi na mbili jioni. Zilipofumuliwa, za uzi zilikuwa na zaidi ya robo tatu ya urefu wake na ulaini ambao mteja aliuita “wa nywele za mtu mwingine.” Mabutu, pale yalipokuwa yamekauka, yalikuwa laini vilevile, lakini kwenye shina, ambako unyevu ulibaki, nywele zilijikunja tena ndani ya dakika chache baada ya kufumuliwa.

Matatizo mawili yaliyojitokeza

La kwanza lilitokea Agosti. Mteja alichelewa, akaosha Jumapili jioni, akasokota mabutu sita manene, akafunga kilemba na kulala. Asubuhi yalikuwa bado na unyevu, akafunga kilemba kingine na kwenda kazini. Kufikia Jumanne kichwa kilimwasha na nywele zilinuka uvundo, kama nguo iliyoanikwa ndani. Tuliosha upya na hali ikaisha. Ulaini ulikuwa umenifanya nisisitize umbo na kusahau muda. Sikumwambia waziwazi kwamba nywele zisifunikwe kabla hazijakauka hadi kwenye shina. Baada ya hapo tulipanga aoshe Jumamosi asubuhi tu, mafungu yasipungue 14, na siku ya mawingu akae mbele ya feni kwa saa moja. Feni haina joto, na inaharakisha kazi kuliko watu wanavyodhani.

La pili lilihusu uzi. Mafungu ya kando ya uso yalikuwa yamekazwa mno, kwa mkono wake mwenyewe, na baada ya wiki ya pili alilalamika maumivu kwenye nywele za mbele, zile zile zilizowahi kuunguzwa. Kuvuta kwa namna hiyo kukirudiwa kwa muda mrefu huua mizizi, na sote tumewaona wanawake ambao paji la uso limepanda kwa sababu ya rasta na suka za kubana. Nilimfundisha aanzie kuzungusha uzi sentimita mbili kutoka kwenye ngozi, na nywele za mbele azisokote tu bila uzi.

Matokeo

Alipokuja katikati ya Septemba alikuwa ameosha siku mbili nyuma. Hapakuwa na mchakacho, na ukucha haukutoa unga. Nywele zilizoanguka kwenye kitambaa cheupe wakati wa kuchana zilikuwa chache sana zikilinganishwa na za Juni, na nyingi zilikuwa na kichwa cha mzizi, maana yake zimetoka zenyewe kwa wakati wake. Za Juni nyingi zilikuwa vipande vilivyokatika. Siki alikuwa ameshaiacha bila kuniuliza, na sikuona sababu ya kumrudisha. Ulaini ulidumu mpaka Jumatano au Alhamisi, halafu vizingo vilianza kurudi.

Alikwenda Tanga kwa siku nne mwishoni mwa Agosti na aliporudi aliniambia kwamba nywele zilizokuwa zimenyooshwa kwa uzi zilijikunja siku ile ile aliyofika. Hilo lilitarajiwa. Unyevu wa hewa ya pwani hufanya kazi ile ile ya maji, polepole, na vifungo vilivyofungwa barazani Arusha havikuwa na nguvu ya kuukataa.

Uchambuzi

Kosa langu kubwa lilikuwa la swali. Niliuliza “unapaka nini” na “unaoshea nini,” na mteja alijibu kwa ukweli maswali hayo mawili. Nilichopaswa kuuliza ni kitu gani cha mwisho kiligusa nywele kabla hazijaanza kukauka, kwa sababu chochote kilichopo wakati maji yanaondoka ndicho kitakachobaki. Sasa hivi naliuliza hilo kabla ya mengine yote, na pale ninapoweza naomba kuona mtu akiosha. Katika miezi iliyofuata nimekuta ute wa bamia, jeli iliyopakwa juu ya jeli, na yai bichi lililoshindwa kutoka. Vyote vilikuwa vimeitwa “matunzo” na hakuna aliyevihesabu kuwa vipodozi.

Kuhusu maji ya mchele sina ugomvi na anayeyatumia na kuyasuuza vizuri. Ugomvi wangu ni na kuyaacha yakaukie kichwani kwenye nywele ambazo mtu anataka ziwe laini. Wanga hukakamaza, ndiyo kazi tuliyouajiri ufanye kwenye kola za mashati.

Siki niliitoa kabla ya kupima, na jaribio la chupa lililonigharimu dakika tano lingeniokolea wiki mbili. Wasusi wa Arusha tuna kisingizio kilicho tayari kwa kila tatizo, nacho ni maji, na kwa kuwa maji yetu kweli yana kasoro, kisingizio hicho hakipingwi na mteja. Jaribio la nusu kichwa, kwa upande mwingine, lilifanya kazi kuliko nilivyotarajia. Bila hilo tungeona nafuu baada ya kuacha mchele, tungefurahi, na tusingetambua kamwe kwamba mafuta yalikuwa yakiganda. Kasoro yake ni kwamba mteja hutoka na kichwa chenye pande mbili zisizofanana, na si kila mtu atavumilia. Huyu alivumilia kwa kufunga kilemba.

Suala la mafuta ya nazi nadhani linawahusu wengi kuliko wanaolalamika. Ushauri mwingi tunaousoma umeandikwa na watu wa pwani au wa nchi za joto, ambako mafuta hayo ni maji mwaka mzima. Anayeishi Arusha, Karatu au juu kabisa kwenye miteremko ya Kilimanjaro anapaswa kuiangalia chupa yake asubuhi kabla ya kuamua apake lini.

Kati ya uzi na mabutu, nimebaki upande wa uzi kwa nywele fupi zenye vizingo vidogo, na upande wa mabutu membamba kwa nywele ndefu ambazo uzito wake unazivuta zenyewe. Mteja huyu kwa sasa anachanganya: uzi utosini, misokoto pembeni.

Sehemu moja hatukuifanikisha. Nywele za kisogoni, chini karibu na shingo, ni nyembamba kuliko nyingine na vizingo vyake ni vidogo zaidi, na zinasuguliwa na kola ya koti kila siku ya baridi. Zinakauka haraka kuliko zote, mara nyingi kabla hajamaliza kuzungusha uzi sehemu za mbele, kwa hiyo zinakuwa zimeshajifunga katika umbo lake kabla hajazifikia. Tangu Septemba anaanza na kisogo, tena kila fungu analilowesha upya kwa maji yenye kondishena kabla ya kulizungusha. Zimelainika kiasi, lakini bado ukizigusa kwa macho yaliyofumbwa unajua umefika kisogoni.